Wingu Dogo la as-Sufi, na Nyakati za Kulitazama kutoka Kampala



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wenzangu wameandika juu ya misikiti, madrasa na wazee waliotutangulia mbele ya haki. Mimi nimeona yafaa niandike juu ya kitu kilicho juu ya mapaa ya misikiti hiyo yote, nacho ni mbingu ya usiku. Katika mbingu hiyo nimechagua vitu vichache vidogo ambavyo jicho huviona mfano wa moshi, au mfano wa tone la maziwa lililoenea katika maji. Wataalamu wa zama hizi huviita nebula. Waliotangulia, waliokuwa wakiandika kwa Kiarabu, waliviita kwa neno lenye maana ya mawingu. Khabari yao ni sehemu ya historia yetu, tena ni sehemu ambayo vijana wetu wameachwa waidhanie kuwa ni mali ya watu wengine.

Falaki na kupiga falaki

Kwanza hatuna budi kuliosha neno lenyewe, kwa maana limeingia uchafu. Katika Kiswahili mtu akisema, "Fulani apiga falaki," watu hawaelewi kwamba fulani atazama nyota na kuhisabu mienendo yake. Waelewa kwamba aagua. Kwamba mtu aliyeibiwa mbuzi au aliyekosa mtoto humwendea na fedha yake mkononi, naye hutandika kitabu na kumtajia nyota yake. Kwa sababu hiyo baadhi ya wazazi huogopa kila kitu kinachohusu nyota, na mtoto akiuliza jina la nyota huambiwa anyamaze.

Hofu hiyo ina asili njema, ila imetupiga mahali pasipostahili. Mambo haya ni mawili. La kwanza ni kudai kwamba nyota huamua riziki, ndoa na mauti ya watu. Hilo dini yetu imelikataa. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Mtume mwenyewe, hali yu katika msiba, aliwakataza kuamini hivyo, akawafunza kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu. Kupatwa huko wahisabuji wamekuweka katika tarehe 27 Januari mwaka 632. La pili ni kujua nyota ziko wapi, zitatoka saa ngapi na zitazama lini. Pasipo elimu hiyo hatuna kibla, hatuna nyakati za sala, wala hatuna mwezi wa kufunga. Msikiti mkubwa wa Bani Umayya huko Damascus ulikuwa na mtu wa kazi hiyo, aliyeitwa muwaqqit, yaani mwenye kupima nyakati. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo, Ibn ash-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa katika wahisabuji wakubwa wa nyota wa zama zake.

Hata historia ya nchi hii imefaidika na hisabu hiyo. Wazee wa Ankole walisimulia kwamba Omukama wa Bunyoro alipokuwa akirudi na ng'ombe aliowateka, jua likatiwa giza hapo Biharwe, naye akawaacha ng'ombe akenda zake. Masimulizi hayakuwa na tarehe. Wahisabuji waliporudisha nyuma mwendo wa jua na mwezi, wengi wao waliona kupatwa huko ni kwa tarehe 17 Aprili mwaka 1520, na leo pana mnara wa ukumbusho mahali hapo.

Mtu wa Rayy na wingu lake

Sasa tumtazame mwenye wingu. Abdul-Rahman as-Sufi alizaliwa mwaka 903 huko Rayy, katika nchi ya Uajemi, akafariki mwaka 986. Alikuwa katika baraza la mtawala Adud ad-Dawla wa ukoo wa Buwayhi, akafanya kazi yake hasa katika mji wa Isfahan. Karibu na mwaka 964 alitimiza kitabu chake juu ya sura za nyota zisizohama.

Mbele yake alikuwa na kitabu cha Ptolemy wa Alexandria, kilichoandikwa miaka 800 na zaidi kabla yake, chenye nyota zaidi ya 1,000 katika makundi 48. Watu wengi wangalikinakili tu kitabu cha mkubwa huyo wakaridhika. As-Sufi hakuridhika. Aliitazama kila nyota kwa macho yake, akaupima mwangaza wake upya, na palipo na tofauti aliandika alivyoona yeye. Kwa kuwa mahali pa nyota hubadilika polepole mno kwa kupita karne, aliongeza daraja 12 na dakika 42 katika vipimo vya Ptolemy ili kitabu kifae kwa zama zake. Kisha kila kundi alilichora mara mbili: mara moja kama lionekanavyo mbinguni, na mara ya pili kama lionekanavyo juu ya tufe. Alifanya hivyo kwa kumhurumia mwanafunzi asije akachanganyikiwa atokapo nje usiku na kitabu mkononi.

Ni katika kundi la Mwanamke Mwenye Minyororo, ambalo Wazungu huliita Andromeda, ndipo alipoandika jambo ambalo halikuwamo katika kitabu cha Ptolemy. Karibu na mdomo wa samaki mkubwa waliyemtaja Waarabu mahali hapo, alitaja doa mfano wa wingu. Neno lake lilikuwa fupi, bila majigambo. Lakini hatuna maandishi ya zamani zaidi ya hayo yanayolitaja wingu hilo. Kwa upande wa Ulaya, mtu wa kwanza kulieleza baada ya kulitazama kwa darubini ni Simon Marius wa Ujerumani, mwaka 1612, yaani miaka 600 na zaidi baadaye.

Na wingu hilo ni nini? As-Sufi hakujua, wala hakudai kujua. Katika miaka ya 1923 na 1924 Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya mlima Wilson huko Marekani, alikuta ndani yake nyota za namna fulani ambazo mwangaza wake hupungua na kuongezeka kwa kipimo maalumu, naye kwa nyota hizo akaweza kukisia umbali. Ikadhihirika kwamba wingu si wingu. Ni jamii nzima ya nyota, mfano wa hii yetu ambayo ukingo wake twauona kama njia nyeupe mbinguni. Nuru yake husafiri miaka milioni 2 na nusu hata ifike katika jicho la mtazamaji. Hicho ndicho kitu cha mbali kabisa ambacho watu wengi waweza kukiona kwa macho matupu.

Mawingu mengine

Si mawingu yote yaliyo ya namna hiyo. Katika kundi la Jabari, ambalo Waarabu wameliita pia Jauza, mna nyota tatu zilizopangana kama mshipi kiunoni. Chini ya mshipi, upande wa kusini, mna nyota ndogo zinazoning'inia kama upanga, na ya katikati haiko safi, ina ukungu. Hiyo ni nebula ya kweli: ni hewa na vumbi, na ndani yake nyota mpya huzaliwa. Nuru yake husafiri kiasi cha miaka 1,300 na kitu. Kwa hiyo nuru tuionayo leo usiku iliondoka huko katika zama za makhalifa wa Bani Umayya.

Jambo la ajabu ni kwamba as-Sufi, aliyekuwa na jicho kali vile, hakuliandika wingu la Jabari. Aliyeliandika kwanza ni Mfaransa Peiresc, mwaka 1610, baada ya kupata darubini. Nalitaja hili makusudi, na sababu yake nitaieleza hapo mbele.

Lipo na wingu la tatu, ambalo halionekani ila kwa darubini. Liko katika kundi la Ng'ombe Dume, upande ule ule iliko Kilimia. Mwaka 1054 nyota ilitokea hapo kwa ghafula. Wachina waliiandika, ikaonekana hata mchana, kisha ikafifia. Katika nchi za Kiislamu iliandikwa na tabibu Ibn Butlan wa Baghdad, aliyekuwa Mkristo, na khabari yake ikahifadhiwa na Ibn Abi Usaybia katika kitabu chake cha maisha ya matabibu. Wingu lililoko mahali pale leo ni mabaki ya nyota iliyopasuka. Miaka 48 kabla ya hapo, mwaka 1006, Ali bin Ridwan wa Misri, wakati huo angali kijana, aliiona nyota nyingine iliyoishinda Zuhura kwa ukubwa na mwangaza, na maelezo yake ni katika yaliyo mazuri kabisa yaliyobaki duniani. Lakini yeye na Ibn Butlan wote wawili waliziunganisha nyota hizo na maradhi, njaa na misiba. Walichokiona ni elimu. Walichokizidisha ni kile tulichokataa hapo juu. Twapokea la kwanza, twaliacha la pili.

Kalenda mbili

Atakaye kuyaona mawingu haya hawezi kutoka usiku wowote akainua uso. Lazima apange, na kupanga kwenyewe kwahitaji kalenda mbili.

Kalenda ya kwanza ni ya jua. Kila nyota hutangulia kwa kiasi cha dakika 4 kila siku. Nyota iliyotoka leo saa tatu usiku, baada ya mwezi mmoja itatoka saa moja usiku, na baada ya mwaka itarudi saa ile ile. Ndiyo maana wakulima waliitazama Kilimia: ikizama na jua, na ikirudi kuonekana, walijua majira ya mvua na ya kiangazi.

Kalenda ya pili ni ya mwezi, na hapa Mwislamu amepewa bure kitu ambacho wengine hukitafuta vitabuni. Mbalamwezi huyafuta mawingu ya nyota kama maji yafutavyo wino. Sasa tarehe ya Hijra yenyewe hukwambia mwezi uko wapi. Usiku wa 14 na wa 15 mwezi hutoka jua likizama, na hukesha mpaka alfajiri. Usiku huo usijisumbue. Baada ya hapo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Ukifika usiku wa 20 hautoki mpaka karibu na saa tano usiku. Basi tangu usiku wa 20 mpaka mwandamo, saa za baada ya Isha ni giza tupu. Hata usiku wa 2 na wa 3 wa mwezi mpya wafaa, ukivumilia mpaka hilali izame.

Lakini tarehe ya Hijra haikwambii ni nyota zipi ziko juu, kwa maana mwaka wa mwezi umepungua siku 11 katika mwaka wa jua, na miezi yake huzunguka majira yote. Na tarehe ya Januari au Februari haikwambii kama kuna giza. Ndugu zetu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Kwa ibada walishika miezi ya Hijra. Kwa kulima na kusafiri baharini waliuhisabu mwaka wa jua tangu Nairuzi, wakiugawa katika miongo, yaani makumi ya siku. Sherehe ya Mwaka huko Makunduchi, Unguja, ni kumbukumbu hai ya hisabu hiyo. Hawakuona kwamba kalenda mbili zagombana. Kila moja ilikuwa na kazi yake.

Nyakati za Kampala

Mji wetu uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Hiyo ni neema, maana twaona nyota za kaskazini na za kusini pamoja, jambo ambalo as-Sufi hakulipata huko Isfahan. Usiku wetu pia haubadiliki sana. Magharibi hubadilika kwa kiasi cha nusu saa tu mwaka mzima, na giza kamili huingia karibu na saa mbili na kidogo usiku, ndio wakati wa Isha.

Wingu la as-Sufi hufika kilele chake katikati ya Desemba karibu na saa mbili usiku. Ukitoka katika sala ya Isha ulitazame upande wa kaskazini, nusu ya njia kutoka upeo wa macho mpaka utosini. Katikati ya Novemba hufika kilele saa nne usiku. Tafuta kwanza nyota nne za Farasi zilizofanya mraba mkubwa. Kutoka pembe yake ya kaskazini-mashariki fuata mstari wa nyota za Mwanamke Mwenye Minyororo. Ukifika nyota ya pili yenye mwangaza, teremka kuelekea kaskazini kupita nyota mbili ndogo. Kando ya hiyo ya mwisho ndiko lililoko doa. Huko Isfahan lilikuwa likipita karibu na utosi; kwetu liko chini zaidi, kwa hiyo hewa safi yahitajiwa.

Wingu la Jabari hufika kilele katikati ya Februari, karibu na saa tatu kasoro robo usiku, nalo kwetu huwa karibu na utosini kabisa. Katikati ya Januari ni karibu na saa tano kasoro dakika 10. Saa ile ile ya Februari, ukigeuka kusini, pakiwa peupe bila kilima mbele yako, utaona chini doa kubwa jeupe. Ni mojawapo ya mawingu mawili ambayo Wazungu wameyapa jina la Magellan, yule baharia ambaye merikebu zake zilitoka Hispania mwaka 1519.

Majira nayo yatusaidia. Mvua zetu kubwa ni za Machi mpaka Mei, na nyingine za Septemba mpaka Novemba. Tangu Desemba mpaka Februari mbingu aghalabu ni nyeupe, na hicho ndicho kipindi chenyewe cha mawingu haya. Mathalan, mkutano wa jua na mwezi wa tarehe 17 Februari mwaka 2026 ndio wa Ramadhani ya mwaka 1447. Maana yake ni kwamba katika mwaka huo mikesha ya mwanzo ya mfungo na kilele cha Jabari vimeangukia wiki moja. Mwaka unaofuata Ramadhani hutangulia siku 11, na baada ya miaka mingi huliacha kabisa kundi hilo.

Adui mkubwa ni taa. Wingu la Jabari lina nguvu, na hata ndani ya mji darubini ndogo ya macho mawili hulionyesha. Wingu la as-Sufi halistahimili taa za Kampala. Alitakaye aende shamba, au visiwa vya Ssese, akae gizani nusu saa bila kuwasha tochi wala simu mpaka macho yazoee. Kisha asilikazie macho, bali atazame kando yake kidogo, ndipo litajitokeza.

Amana yetu

Nilisema nitaeleza kwa nini nimetaja kwamba as-Sufi hakuliandika wingu la Jabari. Siku hizi husikika katika mawaidha kwamba kila kitu kilichovumbuliwa duniani Waislamu walikijua zamani. Kijana wa sekondari husikia hayo, akaenda akafungua kitabu, akakuta si kweli. Na akiona umesema uongo katika jambo la nyota, ataanza kukutilia shaka hata katika jambo la sala. Tumpe as-Sufi haki yake bila kumzidishia. Aliona wingu dogo, akaandika kwamba ameona wingu dogo. Hakusema ni jamii ya nyota, wala hakusema umbali wake. Uaminifu huo ndio uliokifanya kitabu chake kiheshimiwe miaka 1,000 na zaidi, na majina ya Kiarabu kama Rijl, Dabaran na Tair yangali katika ramani za nyota za mataifa yote.

Wala tusifikiri elimu hii imetufikia jana. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna wa Pili, na Kabaka Mutesa wa Kwanza alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867. Kufunga kulihitaji mwezi, na mwezi ulihitaji macho. Katika milima hii hii ya Buganda watu walisimama magharibi wakitazama mbingu kwa ajili ya dini. Sisi tumebaki kuitazama mara mbili kwa mwaka, siku ya kuingia Ramadhani na siku ya kutoka, na mara nyingi huishia katika kubishana. Mtu asiyezijua nyota zilizoko karibu na mwezi, asiyejua mwezi huzama dakika ngapi baada ya jua, atashuhudiaje hilali kwa yakini? Umma uliozoea kutazama mbingu kila mwezi hautafitiniwa kwa urahisi siku ya Idi.

Rai yangu ni ndogo, na gharama yake ni ndogo. Kila madrasa ichague usiku miwili kwa mwaka: mmoja wa Desemba kwa wingu la as-Sufi, na mmoja wa Februari kwa wingu la Jabari, yote miwili kati ya tarehe 20 ya mwezi wa Hijra na mwandamo. Wanafunzi wakubwa wenyewe wahisabu tarehe, kwa kalenda zote mbili, kabla ya kutoka. Mwalimu wa dini na mwalimu wa sayansi wasimame pamoja mbele yao, ili watoto waone kwamba wawili hao hawana ugomvi. Na wazazi waruhusu, wasichana na wavulana, wakiwa na walezi wao.

Taa za mji zaongezeka kila mwaka, na wazee wanaojua majina ya nyota wapungua. Tukikawia, watoto wa watoto wetu watasoma majina ya Kiarabu katika ramani za wageni bila kujua yametoka kwa nani. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika elimu, atupe macho ya kuona na ndimi za kusema tuliyoyaona bila kuzidisha. Amin.